Ng'ombe wa Mama Huruma Hawahami

Kuna watu wakishakuamulia jambo lako wanakasirika usipolifuata, utadhani umewaibia. Mama Huruma alikuwa na watu wa namna hiyo wa kutosha kujaza kanisa. Tangu mumewe afariki, miaka mitatu sasa, haikupita wiki bila mtu kumshauri auze ng'ombe. Alishauriwa sokoni, alishauriwa msibani, alishauriwa hata na padri mgeni ambaye hao ng'ombe wenyewe hakuwahi kuwaona. Yeye anasikiliza mpaka mwisho, anashukuru, kisha anakwenda zake kukamua.

Jina lake la ubatizo ni Sabina. Amezaliwa Chiwata, mtoto wa katekista, ukoo wa watu wa misheni tangu enzi za babu zake, watu wa kusoma, kuimba na kulima korosho. Ng'ombe aliwapata kwa kuolewa. Mumewe, Anderson, Mmakonde wa Chilangala kule Newala, alikuwa bwana mifugo. Alizunguka mikoa ya mbali miaka kumi na tisa akichanja ng'ombe wa watu, na alipostaafu akarudi na ng'ombe wake mwenyewe wanane ndani ya lori. Watu walitoka majumbani kulitazama lile lori, wengine na bakuli la uji mkononi. Maana huku mtu anafuga kuku, anafuga bata, akijiweza sana anafuga mbuzi. Ng'ombe walikuwa mambo ya watu wengine.

Na kwa kuwa huku mwanamume ndiye anayehamia kwa mkewe, lori lilishusha kwenye ardhi ya Sabina, ekari arobaini na tano alizoachiwa na mama yake, bonde la mchanga upande wa chini wa njia ya Chiungutwa. Mikorosho ilikwishajaribiwa pale ikagoma. Anderson akapaka ubao rangi nyeupe, akaandika RANCHI kwa herufi kubwa, akaupigilia getini. Watu wakamcheka mpaka wakachoka wenyewe. Tuseme ukweli, hata Sabina alicheka.

Anderson alipokufa, watu wakangoja kuona lori jingine likija kuwachukua. Badala yake wakamwona mjane amevaa buti za mpira za marehemu, amejaza matambara kwenye vidole maana zilimzidi, anaingia zizini. Mwaka wa kwanza kamba ilimkata pingili ya kidole cha mwisho. Akafunga kidole kwa kipande cha kanga, akamalizia kukamua. Leo ng'ombe ni ishirini na wawili, na mtu anayemsaidia ni mmoja tu, Mrisho, Mmakua wa makamo asiyependa maneno mengi.

Lakini mwaka jana ndama wanne walipenya, wakaingia kwenye kitalu cha jirani yake, Silvano, wakala miche ya mikorosho yote. Hilo lilikuwa kosa, na Mama Huruma hakulikataa. Aliotesha miche upya kwa mkono wake, akaimwagilia kwa ndoo ya kichwani asubuhi na jioni mpaka ikasimama. Silvano akaipokea miche. Kusamehe hakusamehe. Na Silvano ni mjumbe wa kamati ya ardhi ya kijiji.

Ndipo mwezi wa tano kamati ikakaa, ikatoa barua. Mpaka wote unaopakana na mikorosho ya watu uwe na uzio imara usiopitisha ng'ombe ifikapo Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa sita. Usipokuwepo, ng'ombe wahame ndani ya siku saba. Wahamie wapi, barua haikusema. Kila mtu alijua ng'ombe ishirini na wawili wakitolewa kwa siku saba wanakokwenda ni kwa mchinjaji. Binti yake, Huruma, mwalimu wa Masasi mjini, alimpigia simu akamwambia kwamba labda Mungu anampumzisha, aje mjini wakae wote. Mama Huruma akajibu kwamba Mungu akitaka kumpumzisha atakuja mwenyewe, hatatuma kamati.

Mpaka wenyewe ulikuwa hatua mia tano. Seng'enge alikuwa nazo, Anderson alikufa ameziacha stoo. Mikono ndiyo hakuwa nayo. Basi Jumamosi moja akasimama mbele ya kikundi chao cha Tujaribu akadai siku yake.

Tujaribu, ukimtoa yeye, ni watu ishirini na sita, Waislamu kwa Wakristo, wanaolimiana kwa zamu. Leo kwako, Jumamosi ijayo kwangu. Kila mtu anakuja na jembe lake, anapimiwa ngwe yake, kipande chake cha kazi, na hakuna anayeondoka kabla ngwe yake haijaisha. Mwenye shamba anapika. Sheria ni hizo tu, na zinatosha. Mama Huruma alikuwa amelima ngwe za watu wote wale miaka mitano, zamu yake hakuwahi kuidai, kwa sababu ranchi haina cha kulima.

Silvano, ambaye ni katibu wa kikundi pia (kuna watu wana vyeo kama wengine wana chawa), akasema kikundi ni cha jembe, hakihusiki na ng'ombe. Mama Huruma akamuuliza kama shimo la nguzo linachimbwa kwa kijiko. Watu wakacheka, Getrude, mwanamke mwenzake wa kikundini, akanyoosha mkono kumuunga mkono, na mikono mingine ikafuata. Wakakubaliana iwe Jumamosi ile ya mwisho kabisa, maana kabla ya hapo kila mtu alikuwa kwenye mikorosho yake, anapalilia na kupulizia salfa. Na kwa kuwa sheria ni kila mtu aje na jembe lake, safari hii kila mchimba mashimo aje na jembe lake na nguzo zake nane.

Siku ilipofika walikuja alfajiri, wengine kwa baiskeli, nguzo zimefungwa nyuma. Mama Huruma alikuwa ameshapika ugali wa muhogo na kunde tangu saa tisa ya usiku, na maziwa mgando ndoo mbili. Alipima mpaka kwa kamba kama shamba, ngwe ishirini, kila moja hatua ishirini na tano, akawapanga watu ishirini. Sita waliobaki, wakiongozwa na Getrude, aliwatuma upande wa chini wasafishe ukanda wa kuzuia moto nje ya mpaka. Aliwaonyesha kwa mkono. Kuonyesha kwa mkono kulitosha, alidhani.

Silvano alifika amechelewa, ana jembe, hana hata nguzo moja. Akasema nguzo zake ataleta baada ya chakula. Akachimba mashimo yake manane, tena akayachimba vizuri, kina cha kiuno kizima. Silvano ni mtu wa maneno lakini mvivu si mvivu, tumpe haki yake.

Kufikia saa saba ngwe nyingi zilikuwa zimesimama, seng'enge zimevutwa, Mrisho anapita anazikaza. Mama Huruma akaanza kuamini kwamba uzio utakwisha. Akaita watu waje kula. Wale wa Getrude hawakuja. Nyimbo zao zilisikika, tena za furaha, lakini hazikutokea upande wa mpakani. Zilitokea ndani, kule bondeni. Mama Huruma alisimama na upawa mkononi akisikiliza, halafu akauweka chini akaenda, kwanza kwa kutembea, kisha mbio, buti zikimpwaya.

Ili mtu aelewe alichokikuta, lazima awajue wakulima wa korosho. Kwao nyasi ni uchafu. Shamba lenye nyasi chini ya mikorosho linaitwa shamba chafu, na mwenye shamba chafu anasemwa mpaka kwenye harusi za watu. Mwezi wa sita mtu mwenye heshima zake anapalilia, anafagia, mpaka ardhi inabaki nyeupe, korosho ikianguka unaiona ilipo. Watu wale sita walimaliza ukanda wao wa moto mapema, wakatazama ndani, wakaona shamba zima la nyasi zinazofika magotini, zimefungiwa kwa kamba, hakuna hata ng'ombe anayeingia. Wakamwonea huruma mjane. Wakasema kamati ikija Jumatatu ikute uchafu huu, si watamcheka? Wakaingia na majembe.

Nyasi zile Mama Huruma alizipanda yeye mwenyewe. Mbegu alizitunza Anderson. Ndicho kilikuwa chakula cha ng'ombe cha kiangazi chote, mpaka mvua za mwezi wa kumi na mbili, na alikuwa azikate wiki inayofuata. Ekari moja na nusu ilikuwa imeng'olewa mpaka mizizi, ardhi imefagiliwa, nyasi zimekusanywa marundo tisa. Getrude alikuwa amechuchumaa kwenye rundo la kwanza na kiberiti mkononi, jasho linamtoka, anatabasamu.

"Tumekusafishia, Mama Huruma," alisema. "Hawatakucheka tena."

Mama Huruma alimsogelea. Aliinama akachukua kile kiberiti mkononi mwa Getrude, akakitia mfukoni. Ndipo akaeleza, polepole, kile walichong'oa ni nini na kilikuwa cha nani. Getrude alikaa chini palepale mchangani akajifunika uso na kanga. Wengine walibaki wameshika majembe hawajui wayaweke wapi. Mama Huruma alitaka kuwapiga, alitaka kukaa chini naye alie, na vyote viwili alivikataa kwa sababu jua lilikuwa linaondoka.

Watu wa uzio nao walikuwa wamefika wakamzunguka. Silvano akatikisa kichwa. Hakuwa na furaha, wasije watu wakamsingizia. Alisema kwa sauti ya chini, ya mtu anayetoa pole, kwamba mtu akikataa kusikia maneno ya watu basi asikie na hili. Uzio haujaisha, malisho yamekwisha. Auze, aende kwa mwanawe akapumzike, na kikundi kirudi nyumbani kwa sababu siku imeshaharibika.

"Baba Gasper," Mama Huruma alimwambia Silvano, akimwita kwa jina la mwanawe, "Anderson nilimzika Jumatano. Jumamosi yake zamu ilikuwa ya kwako. Wanawake walinishika wanirudishe ndani, nikawakatalia, nikaja nikalima ngwe yako mpaka mwisho. Sikuja kwa sababu nakupenda. Nilikuja kwa sababu ilikuwa ngwe yangu. Leo ngwe za hapa hazijaisha, kwa hiyo hakuna anayekwenda nyumbani."

Halafu akaanza kugawa kazi kama vile hakuna aliyeuliza swali. Nyasi iliyong'olewa bado ni nyasi. Ikikung'utwa mchanga, ikakatwa mizizi, ikatandazwa ikakauka, ng'ombe ataila. Mizizi ifukiwe kwenye matuta ya udongo wenye unyevu kule kisimani, mvua zikija ipandwe upya. Marundo tisa, watu ishirini na sita, kila rundo watu wake. Watu walikuwa hoi, kunde zilikuwa zinapoa, mikorosho yao ilikuwa inawangoja nyumbani. Hata hivyo wakabaki. Getrude ndiye aliyeanza, anakung'uta huku anafuta macho kwa mkono uleule wa mchanga. Nyasi zikatandazwa juu ya ile ardhi waliyoifagia, na kwa kweli hakuna mahali pazuri pa kukaushia nyasi kuliko shamba lililofagiliwa na wakulima wa korosho. Mmoja alilisema hilo, na kwa mara ya kwanza toka mchana watu wakacheka kidogo.

Silvano peke yake alichukua jembe lake akaondoka. Alisema anakwenda kuleta nguzo. Hakurudi.

Jua lilipozama uzio ulikuwa umesimama wote isipokuwa ngwe moja, hatua ishirini na tano zinazotazamana kabisa na kitalu cha Silvano. Mashimo manane, mazuri, kiuno kizima, hayana kitu ndani.

Kesho yake Jumapili Mama Huruma alikwenda ibada ya kwanza, akaimba nyimbo zote, akarudi, akavaa buti. Nguzo hakuwa nazo. Miti yake ya kukata alikwishaikata yote, na kuingia msituni bila kibali kungempa Silvano barua ya pili bure. Alizunguka nyumba mara moja akiitazama. Kisha akamwambia Mrisho alete nyundo na tindo.

Walianza na baraza. Nguzo nne za baraza ni za mti mgumu, Anderson alizichagua yeye. Wakategemeza paa kwa marundo ya matofali na jiwe la kusagia, wakazing'oa, wakazitia kwenye mashimo manne ya kwanza. Zikaja fremu za milango, mlango wa mbele na wa nyuma, zikavunjwa vipande virefu vinne, mashimo yakajaa. Lakini seng'enge zilizobaki zilikuwa mstari mmoja tu, na mstari mmoja haumzuii ndama. Basi milango yenyewe ikabebwa, ikasimamishwa kati ya nguzo na kufungwa kwa waya. Mlango wa mbele, wa nyuma, wa chumbani. Likafuata benchi la wageni, meza, vipande vya kabati. Getrude alitokea mchana na kikapu cha mihogo, akaona, akaangusha kikapu. Alianza kulia tena. Mama Huruma akamwambia atalia jioni, kwa sasa ashike upande ule wa kitanda.

Kitanda kilikuwa cha mwisho. Ni cha mninga, cha harusi, Huruma alizaliwa juu yake na Anderson alifia juu yake. Mrisho aliyezoea kunyamaza alimuuliza kama hakuna kitu kingine. Mama Huruma akasema vipo vijiko. Wakakisimamisha kwa ubavu, wakakifunga nguzo na nguzo, wakashindilia mchanga kwa miguu, na hapo kwenye ile ngwe ya Silvano hapakubaki nafasi ya kupitisha hata mbuzi.

Jumatatu saa tatu kamati ilifika, watu wanne. Mbele yao Mzee Lameck, mwenyekiti, mwenye miwani na ile barua kwenye bahasha, na nyuma kabisa Silvano. Watu wa Tujaribu nao walikuja, hakuna aliyewaita. Mama Huruma alimwamkia mzee shikamoo, akaitikiwa marahaba, wakaanza kutembea mpaka mzima. Mzee Lameck alikuwa anasukuma kila nguzo kwa kiganja, anaguna, anaendelea. Ngwe kumi na tisa aliguna. Ya ishirini akasimama.

Alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. Akatazama milango, akatazama benchi, akakitazama kitanda kwa muda mrefu kwa sababu alikuwa amekaa juu yake siku ya msiba, akimfariji mjane. Silvano akasema huu si uzio, ni mzaha, na kamati haiwezi kuandikiwa mzaha.

Mama Huruma hakumgeukia. Alimwomba mzee aisome barua kwa sauti. Mzee akasoma: uzio imara usiopitisha ng'ombe. Mama Huruma akamwomba atafute palipoandikwa wa miti ya aina gani. Mzee akapitisha kidole mstari kwa mstari mpaka kwenye sahihi na muhuri.

"Basi leteni ng'ombe," alisema Mama Huruma.

Mrisho akaleta dume kubwa, akalisukuma kutoka nyuma kuelekea kwenye miche ya Silvano, ambayo ilikuwa mizuri na mibichi upande wa pili na inaonekana kati ya chaga za kitanda. Dume likaitaka ile miche, tena sana. Likatia pembe kwenye mlango wa mbele, mlango ukalia, haukulegea. Likaegemeza kifua lote kwenye kitanda. Nguzo za Anderson zikasimama. Dume likapuliza pua, likageuka, likaanza kufuata kivuli. Watu wa Tujaribu hawakupiga makofi wala vigelegele. Walisimama tu wameshika mikono ya baiskeli zao, wanamtazama Silvano.

Mzee Lameck akatoa kalamu. Akaandika juu ya mgongo wa mjumbe mwenzake kwamba uzio upo, umekaguliwa, ng'ombe wasihamishwe, akatia sahihi na tarehe. Karatasi akampa Mama Huruma mkononi.

Silvano alikuwa ameinama anatazama chini ya nguzo, kwenye mashimo aliyoyachimba mwenyewe. Alipoinua uso hakuwa na hasira tena, alikuwa mtu mwenye aibu anayetafuta namna ya kuondoka na kitu mkononi.

"Mama Huruma," alisema, "nyumba haina mlango. Haina kitanda. Sasa leo utalala wapi?"

"Kwangu."